Akiba ya Nuru

Ziko neema ambazo mtu hazitambui mpaka zimempa kisogo, na nuru ya usiku ni mojawapo. Unga ukikaribia kwisha, mkono hugusa chini ya chombo kabla njaa haijafika. Maji ya kisima yakipungua, mchotaji huona jinsi kamba ya ndoo inavyozidi kuteremka siku kwa siku. Lakini umeme hauagi. Mtu yumo katika kusoma, au kupika, au kumpa mgonjwa dawa, na mara, kufumba na kufumbua, nyumba nzima huwa kama iliyotiwa ndani ya chungu ikafunikwa. Hapo ndipo watu huanza kupapasa kuta, kupigana vikumbo, kuulizana kiberiti kiko wapi, na mwisho kulaumiana.

Msomaji, nataka kunena nawe juu ya usiku wa namna hiyo na juu ya matayarisho yaupasayo. Usidhani kuwa jambo hili ni la mafundi peke yao, wala la matajiri wenye fedha za kununua mitambo mikubwa. Ni jambo la kila nyumba yenye waya wa umeme, na mwanafunzi wa shule ya sekondari ana sehemu yake ndani yake, kwa kuwa hesabu zinazotakiwa ni zile zile azisomazo darasani. Neno nilitakalo kulithibitisha ni moja: akiba isiyohesabiwa si akiba, ni matumaini tu, na mtu aliyeipima nuru yake kabla ya giza ndiye awezaye kuilinda nyumba yake na kumfaa jirani vile vile.

Na tuufahamu kwanza ugonjwa kabla ya kutafuta dawa. Umeme wa Kenya hutoka mbali: katika mabwawa ya Mto Tana, katika mvuke wa ardhini wa Olkaria karibu na Naivasha, katika mashine za upepo za Loiyangalani kaskazini ya nchi, na penginepo. Yote huunganishwa kwa nyaya kuwa mtandao mmoja wa taifa. Wengi hufikiri kuwa umeme huwekwa ndani ya mtandao huo kama maji yawekwavyo katika tangi. Sivyo. Kila sekunde, umeme unaozalishwa hauna budi kulingana na umeme unaotumiwa. Wafikirie watu kumi waliobeba boriti moja nzito mabegani. Mmoja wao akijikwaa na kuiachia, uzito wake huwaangukia wale tisa. Ikiwa mmoja wao hawezi kustahimili nyongeza ile, naye huiachia, na mzigo wa waliosalia huzidi tena, mpaka boriti huanguka chini. Ndivyo mitambo ya umeme ilivyo. Mtambo mmoja mkubwa ukizimika ghafula, mingine huelemewa, nayo hujizima yenyewe ili isiharibike. Kisha kuiinua boriti ile tena ni kazi ya saa nyingi, maana mitambo haina budi kuwashwa mmoja baada ya mwingine, na miji kurudishiwa umeme sehemu kwa sehemu, ili mizani isipotee mara ya pili.

Sababu ya kuanguka huko yaweza kuwa ndogo sana. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, katika Mto Tana, akaangukia transfoma. Mashine za kituo kile zikazimika, zaidi ya megawati 180 zikapotea kwa mara moja, na nchi nzima ikakosa umeme kwa zaidi ya saa 3. Tumbili mwenyewe alinusurika. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi yote ilizimika tena, na hata sehemu ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi ikakaa gizani kwa muda. Ndugu zetu wa Unguja walionja zaidi: tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa takriban miezi 3, walikosa umeme uletwao kutoka bara kwa waya upitao chini ya bahari. Wala nchi zenye utajiri mwingi hazikusalimika. Tarehe 28 Aprili 2025 Uhispania na Ureno zilizimika mchana kweupe, na treni zikasimama njiani na abiria wake. Basi giza la ghafula si mgeni wa nyumba maskini peke yake. Ni mgeni wa kila nyumba, naye hapigi hodi.

Wazee wetu waliokaa kabla ya umeme kuenea hawakushtushwa na giza, kwa sababu walilitayarishia kila siku. Kabla ya jua kutua, kandili ilishushwa kutoka msumarini. Kioo chake kilifutwa masizi, utambi ukakatwa ncha, mafuta yakaongezwa, na kiberiti kikawekwa mahali pake pa daima. Kazi hiyo aghalabu alipewa mtoto, na mtoto aliyeisahau aliulizwa. Ilipokuja swichi ukutani, tulipata nuru njema zaidi, lakini tukapoteza ile desturi. Kazi ya dakika 10 kila jioni ilipoondoka, iliondoka pamoja na fikira ya kuwa nuru ni kitu cha kuandaliwa. Mimi sisemi turudi kwenye kandili. Nasema turudishe desturi, tukaifanyie kazi kwa vyombo vya siku hizi.

Desturi hiyo huanza kwa swali, wala haianzi dukani. Watu wengi, wakichoshwa na giza, hukimbilia kununua chombo kwanza, kisha ndipo hutafuta cha kukifanyia. Huo ni mfano wa mtu ashonaye kanzu kabla ya kumpima mvaaji. Swali la kwanza ni hili: katika nyumba hii, ni nani au ni nini kitakachodhurika umeme ukikatika? Mwingine atajibu kuwa ni mwanafunzi mwenye mtihani. Mwingine, kuku wachanga walio chini ya taa ya joto. Mwingine, mzee mwenye macho hafifu ambaye akiamka usiku aweza kuanguka. Na mwingine atajibu kuwa ni pumzi ya mtu.

Katika nyumba yetu, huko Kisauni, Mombasa, jibu letu lilikuwa hilo la mwisho. Mama yangu mzazi alikuwa na maradhi ya mapafu, na daktari akaamuru apewe oksijeni ya lita 2 kila dakika, mchana na usiku. Oksijeni hiyo ilitoka katika mashine iliyowekwa karibu na kitanda chake, ambayo huvuta hewa ya chumbani, ikaichuja, na kumpa mgonjwa sehemu imfaayo. Mashine ile ni msaada mkubwa, lakini ni mtumwa wa waya. Umeme ukikatika, nayo hunyamaza, na kunyamaza kwake husikika zaidi kuliko kelele. Kwa hiyo sisi tulipoketi kutafuta akiba, hatukuanza kwa kuuliza tutatazamaje habari za saa 3 usiku. Tulianza na pumzi ya mama.

Baada ya swali hufuata hesabu. Kila chombo cha umeme kimeandikwa nyuma yake, au chini yake, ni wati ngapi kinachokula. Zidisha wati hizo kwa saa utakazokitumia, nawe utapata wati-saa, ndicho kipimo cha akiba unayohitaji. Taa ndogo ya LED ya wati 5 ikiwaka saa 10 hula wati-saa 50. Usiidharau taa hiyo kwa udogo wa namba yake. Mshumaa mmoja hutoa nuru ya takriban lumeni 12, na taa ile hutoa kiasi cha lumeni 400, yaani nuru ya mishumaa 30 na zaidi.

Sasa tazama upande wa pili, wa akiba yenyewe. Sisi tulinunua betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ya aina ile ya risasi na asidi. Zidisha 12 kwa 100, upate wati-saa 1,200. Lakini betri ya aina hii haipendi kukamuliwa hata tone la mwisho. Ukiitumia mara kwa mara kupita nusu yake, umri wake hufupika. Betri za lithiamu hustahimili kutumiwa zaidi ya hapo, ila bei yake ni kubwa. Basi nusu ya 1,200 ni 600. Tena iko inverta, yaani kile chombo kigeuzacho umeme wa betri uwe kama ule wa ukutani, nacho hujikatia ushuru wake njiani. Tukasema, kwa tahadhari, kuwa kati ya 600 zitatufikia 500.

Wati-saa 500! Je, ni nyingi au ni chache? Haziwezi kuitwa nyingi wala chache mpaka zimewekwa mbele ya kazi. Kwa taa 4 za wati 5 ni nuru ya saa 25. Kwa birika la umeme la wati 2,000 ni dakika 15 tu. Kwa mashine ya oksijeni ya mama, iliyokula wati 300, ilikuwa saa 1 na dakika 40. Nakumbuka kalamu ilivyosimama mkononi mwangu nilipoifikia namba hiyo. Betri ambayo muuza duka aliisifu kuwa yatosha nyumba nzima usiku kucha, isingeweza kumfikisha mama hata usiku wa manane. Muuza duka hakusema uongo. Alisema juu ya nyumba ya taa, nasi tulikuwa nyumba ya pumzi. Hiyo ndiyo faida ya hesabu: ilituonyesha upungufu mchana, wakati ambapo upungufu waweza kutibiwa.

Dawa yake ilikuwa mtungi wa oksijeni, ambao hauhitaji umeme hata kidogo. Tulipata mmoja wa lita 1,360. Gawanya kwa lita 2 kila dakika, upate dakika 680, yaani saa 11 na dakika 20. Sisi tuliuandikia saa 10, kwa maana akiba njema huandikwa pungufu kidogo ya ilivyo. Kisha tukapanga kuwa mtungi ni wa pumzi na betri ni ya nuru na simu, na katika betri ile wati-saa 300 zisiguswe kamwe, ziwe za kuendesha mashine kwa saa 1 ikiwa mtungi utapata dosari. Tukapanga tena na jirani mwenye gari kuwa, mtungi ukibakia na saa 1 na umeme haujarudi, mama atachukuliwa hospitali yenye jenereta. Hayo yote tuliyaandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani, ili hata mimi nisipokuwapo mwingine aweze kuyatimiza.

Kabla sijaeleza yaliyotukia, sina budi kutaja hatari zinazojificha ndani ya msaada, maana nyumba nyingi hukimbia giza zikaangukia moto. Koroboi, ambayo wengine huiita kibatari, ni taa ya maskini nami siwacheki waitumiao, lakini moshi wake ni adui. Wataalamu waliopima taa za utambi wazi waliona kuwa asilimia 7 hadi 9 ya mafuta yake hugeuka kuwa masizi meusi, na masizi hayo huingia katika mapafu ya mtoto anayesoma karibu nayo. Mshumaa uliosahauliwa karibu na pazia au chandarua waweza kuiteketeza nyumba. Na katika chumba cha mgonjwa atumiaye oksijeni, mwali wa aina yoyote ni haramu, maana oksijeni huufanya moto mdogo kuwa mkali kupita kiasi. Kwa sababu hiyo kiberiti hakikupita kizingiti cha chumba cha mama.

Jenereta nayo ni msaada kwa awezaye kuigharimia, lakini moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo rangi wala harufu, ambayo humlaza mtu usingizi asiamke. Mahali pake ni nje, mbali na madirisha na milango; si jikoni, wala barazani palipozibwa, wala katika ngazi za jumba la ghorofa. Gesi hiyo hiyo hutoka katika jiko la makaa, basi usilale na jiko linalowaka katika chumba kilichofungwa, hata kukiwa na baridi ya Limuru. Wala usikubali mtu akuunganishie jenereta kwa kuichomeka katika tundu la ukutani. Umeme huo hutoka nyumbani ukarudi katika nyaya za barabarani, na fundi aliyepanda mlingoti akiamini kuwa nyaya zimekufa aweza kuuawa na mashine yako. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni, naye hutia swichi maalumu itenganishayo umeme wa nyumba na ule wa nje.

Sasa nieleze usiku ule wa tarehe 25 Agosti 2023. Ilikuwa karibu saa 4 kasorobo usiku umeme ulipokatika. Mashine ya mama ililia kilio chake cha onyo, na dada yangu, aliyekuwa karibu, akafungua mtungi na kuhamisha mpira wa hewa kwa mkono uliokwisha kulifanya jambo hilo mara nyingi kwa mazoezi. Hatukupapasa wala hatukupiga kelele. Taa 3 ziliwashwa: moja chumbani kwa mama, moja ukumbini, moja jikoni penye njia ya kuendea chooni. Nikaichukua ile karatasi ukutani na kuandika saa. Taa 3 kwa saa 10 ni wati-saa 150. Simu 2 kuchajiwa ni 30. Za mashine, zisizoguswa, ni 300. Jumla ni 480 katika 500. Zilibaki 20.

Ilipofika saa 6 usiku tulisikia hodi. Alikuwa mama mmoja wa nyumba ya tatu, amembeba mtoto wake wa miaka 4, na kifua cha mtoto kikipiga mluzi kwa pumu. Mkononi alikuwa na mashine ndogo ya kugeuza dawa kuwa mvuke, nayo haifanyi kazi bila umeme.

"Ndugu yangu, nisaidie," alisema. "Kifua cha mtoto kimebana, na kwangu hakuna umeme."

Msomaji, fikiri nami. Betri ile ilikuwa ya mama yangu. Kama nisingaliijua hesabu yake, ningalikuwa na njia 2 tu, na zote mbili mbaya. Ningaliweza kukataa kwa hofu, nikamfungia mlango mtu mwenye mtoto asiyepumua vizuri. Au ningaliweza kutoa kwa haya, bila kujua kama ninachokitoa ni pumzi ya mzazi wangu. Mama aliyasikia yote kutoka kitandani. Akaniambia, kwa sauti ile ya mtu asiye na pumzi za kupoteza, "Mwanangu, mpe. Lakini hesabu kwanza."

Nikageuza mashine ile na kusoma nyuma yake: wati 100. Dawa huisha kwa dakika 10, ambazo ni sehemu 1 katika 6 za saa. Gawanya 100 kwa 6, upate 17 hivi. Nilizokuwa nazo ni 20. Nikaichomeka. Mtoto akavuta mvuke hali amepakatwa na mama yake, na baada ya muda mluzi ule ukapungua. Lakini pumu ina desturi ya kurudi, na akiba yetu ya ziada sasa ilikuwa wati-saa 3. Basi tulizima taa ya ukumbini, tukakaa gizani huku tukizungumza kwa sauti ya chini. Taa moja ya wati 5, ikizimwa kwa saa 4, huacha wati-saa 20. Mama mtoto hakurudi kwake. Tulimtandikia mkeka akalala papo hapo.

Saa 10 alfajiri kifua cha mtoto kilibana tena. Taa ya ukumbini ilikuwa imezimwa kwa saa 4 kamili, na akiba ilikuwa tayari. Alipewa dawa mara ya pili. Ile giza tuliyokaa ndani yake tangu saa 6 ilikuwa imegeuka kuwa pumzi ya mtoto. Sijapata kuona giza lenye thamani kama hilo.

Kulipopambazuka umeme ulikuwa haujarudi. Mtungi ulibakiwa na kiasi tulichokiandika, wala hatukungoja uishe. Jirani mwenye gari, ambaye tulikwisha agana naye zamani, alifika kwa wakati. Mama aliingia na mtungi wake, na mtoto yule akaingia pamoja na mama yake, maana pumu iliyorudi mara mbili usiku mmoja haifai kutibiwa nyumbani tu. Wote wawili walipokelewa na kutunzwa. Zile wati-saa 300 za mashine hazikuguswa.

Labda utasema, kwetu hakuna mashine ya oksijeni, basi hayo hayatuhusu. Yanakuhusu, ila namba zako zitakuwa nyepesi zaidi. Nyumba ambayo haja yake ni nuru ya kusomea na kupitia usiku yaweza kutoshelezwa na taa 2 ndogo zenye betri ndani yake na kibao cha jua cha kuzichaji. Hata betri kama yetu hujazwa na jua: kibao cha wati 100, katika siku yenye saa 5 za jua zuri, chaweza kuingiza hadi wati-saa 400 hivi baada ya hasara za njiani. Nyumba yenye jokofu haihitaji kulibebea betri kwa kukatika kwa muda mfupi. Mlango wake ukiachwa umefungwa, chakula hukaa salama kwa kiasi cha saa 4. Lakini ikiwa ndani ya jokofu mna insulini ya mgonjwa wa sukari, jambo hilo si la chakula tena. Mwulize daktari au mwuza dawa mapema, dawa hiyo yaweza kukaa nje kwa muda gani na katika joto gani, ukaliandike jibu lake.

Kuna kazi 4 ambazo wewe mwenyewe, kwa umri wako, waweza kuzifanya bila kungoja mtu. Ya kwanza, zunguka nyumbani na daftari, uandike wati za kila chombo, kisha uketi na wazazi mchague vile visivyoweza kukosekana. Ya pili, ipatie tochi mahali pamoja pasipobadilika, ambapo hata mtoto mdogo aweza kupafikia gizani. Tochi njema iliyopotea ni sawa na tochi mbovu. Ya tatu, chagua siku moja ya kila mwezi ya kuzijaribu taa na kuzichaji, maana betri iliyosahauliwa kabatini hufa kimya kimya. Ya nne, umeme ukatikapo zima pasi, televisheni na vyombo vingine vikubwa, ili utakaporudi kwa kishindo usiviunguze, wala pasi iliyosahauliwa isiwake peke yake juu ya nguo.

Kisha, kwa ruhusa ya wazazi wako na baada ya kuhakikisha hakuna atakayedhurika, zimeni taa zote jioni moja kwa saa 2, mkae kama waliokatikiwa umeme. Katika saa 2 hizo mtajifunza zaidi ya nilivyoweza kuwaeleza hapa. Mtajua ni ngazi gani haionekani, ni betri gani imekufa, na ni mzee gani hakuambiwa tochi iko wapi. Hayo mkiyajua kwa mazoezi, hamtayajua kwa msiba.

Wahenga walisema kuwa akiba haiozi. Nami nathubutu kuongeza kuwa akiba ya nuru huoza isipotazamwa, na huzaa ikihesabiwa. Nyumba iliyohesabu nuru yake hulala salama, na tena jirani akipiga hodi usiku wa manane, huweza kumfungulia mlango bila hofu na kumwambia karibu.